Koti Lisilokombolewa

Shuka lilinuka tope. Mara ya kwanza Violeth alilaumu mvua, maana masika ya Songea yakishika, nguo hukaa kambani mpaka ikaota ukungu. Akalifua upya kwa sabuni ya mche, akalianika jikoni juu ya moto. Kulipokucha lilinuka vilevile, na kilichomsumbua ni kwamba lilinuka upande mmoja tu, upande anaolala mumewe.

"Baba Agape, hebu nione mikono yako," alimwambia wakati wa chai.

Mwalimu Dastan alicheka, akainyoosha mikono kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Chini ya kila ukucha palikuwa na udongo mweusi unaonata, udongo wa bwawani.

"Kwani mimi nimelima lini?" akajiuliza mwenyewe, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Dastan alikuwa Mhehe wa Iringa. Alihamishiwa shule ya msingi ya kijiji hiki, kilichoko njia ya Mpitimbi, akaja na mkewe, mtoto wao Agape ambaye bado hajaanza shule, na godoro. Watu walimpenda upesi. Mhehe akifika kwa Wangoni hafiki kama mgeni, anafika kama mtani. Babu zao walichinjana vizuri sana zamani, na wajukuu wamerithi ruhusa ya kutukanana bila kupelekana barazani. Wenyeji walimwita Mnyalukolo, wakafungia mbwa wao ndani kila akipita, eti Wahehe hula mbwa. Yeye aliwaita wakimbizi, akawauliza watarudi lini kwao Afrika Kusini, walikotoka babu zao, maana makaburu nao wameanza kulegea. Ndiyo maisha yalivyokuwa, na yalikuwa matamu.

Sasa niseme habari za bwawa. Liko juu ya kijiji, na hilo peke yake lingetosha kumnyima usingizi mtu mwenye akili. Wenyeji walilijenga wenyewe enzi za kujitolea, kwa majembe na karai na nyimbo, wakaziba kijito katikati ya vilima viwili kwa tuta la udongo. Chini ya tuta kuna majaruba ya mpunga, halafu shule, halafu nyumba za walimu na za watu, na kanisa dogo la kigango. Serikali ilipokuwa bado inaajiri, bwawa lilikuwa na mlinzi wake, Mzee Bartholomeo. Yeye alifukuza ng'ombe wasipande tuta, aling'oa miti isitie mizizi, aliziba mashimo ya panya, na alizibua mfereji wa pembeni unaopitishia maji yakizidi. Ukaja wakati wa kupunguza wafanyakazi. Bwana mmoja alikuja na gari kutoka mjini, akawatangazia wananchi kwamba kuanzia siku hiyo bwawa ni mali yao, akapigiwa makofi, akaenda zake. Mzee Bartholomeo aliendelea na kazi bila mshahara. Watu walimwona mjinga, na kwa kuwa ujinga wake uliwafaa, wakamwacha nao.

Alipokufa ndipo walipoinua macho kutazama. Saruji ya mfereji ilikuwa imepasuka na mfereji wenyewe umejaa matope yaliyozidi nguvu za mzee. Upande wa chini wa tuta palikuwa na majani yaliyostawi mabichi hata kiangazi, na kila mkulima anajua majani ya namna hiyo yanakunywa wapi. Maji yalikuwa yanapita ndani ya udongo. Kila mtu aliliona hilo, kila mtu akasema lazima apatikane mlinzi, na kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Mzee Bartholomeo, Batolo kwa waliomzoea, alikuwa na mazoea yake. Kila jioni alivaa koti lake jeusi la mvua, hata kama hakuna mvua, akatembea juu ya tuta akikohoa. Akifika katikati alipiga fimbo chini akauliza kwa sauti, "Upo salama?" Alitega sikio kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi nyumbani. Watoto walimwigiza. Wakubwa walisema uzee.

Basi siku ya mazishi, mzee akishafukiwa, Dastan alifanya kazi ya mtani. Asiyejua utani wa msibani atashangaa, lakini msiba bila mtani kwetu ni msiba wa mayatima. Mtani humwigiza marehemu, hunyakua vitu vyake, hujilaza hata kaburini, watu wacheke wakiwa na machozi yao, mpaka wafiwa wamkomboe kwa kuku au kibuyu cha pombe ya ulanzi. Akishapokea, anarudisha kitu, na maneno yote aliyoyasema yanaishia hapo. Dastan alichomoa koti la marehemu kwenye msumari, akalivaa, akachukua fimbo na kupanda tuta akikohoa kile kikohozi kikavu kinachoishia na mluzi kifuani. Waombolezaji walimfuata wakishika mbavu.

"Msilie, wakimbizi nyie! Batolo sijafa! Bwawa hili nitalilinda mimi, mpaka mnikomboe!"

Akapiga fimbo katikati ya tuta. "Upo salama?"

"Nipo," likaja jibu, kwa sauti nene ya kuchekesha, na watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Hata Violeth alicheka.

Mara mvua ikashuka kama imemwagwa. Watu walikimbia kila mmoja kwake, na kuku wa kumkombolea mtani hakutolewa. Dastan alirudi nyumbani na fimbo na koti, akalitundika nyuma ya mlango akisema atalikalia mpaka mjane amletee kuku wake.

Baada ya siku hiyo ndipo shuka lilipoanza kunuka.

Kisha koti likawa linaamka limelowa, na tone moja moja likidondoka sakafuni hata siku ambazo hakukunyesha. Violeth alilipeleka nje kulikausha juani; jioni alilikuta msumarini, limelowa. Alilitia kwenye moto wa jikoni. Halikuungua, lilitoa maji, maji mengi kuliko koti linavyoweza kubeba, mpaka moto ukazimika na majivu yakaelea, na kesho yake lilikuwa nyuma ya mlango.

Jioni moja, jua likiwa bado juu ya vilima, alikuwa anasonga ugali aliposikia kikohozi nje. Kilikuja polepole kutoka upande wa bwawa, kikapita ua, na fimbo nayo ikigonga mawe ya uani. Agape, aliyekuwa anacheza na maganda ya mahindi, aliinua kichwa.

"Mama, Babu amekuja."

Mlango ulifunguliwa akaingia Dastan, amevaa koti, macho yake yakimpita mkewe kama yanayotafuta kitu kilichokuwa hapo zamani. Akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mguu mmoja kwa taabu, mguu ambao haujawahi kumuuma, akaomba ugoro kwa Kingoni safi cha wazee, yeye ambaye Kingoni chake chote kilikuwa matusi ya utani. Harufu ya tope ilijaa jikoni mpaka Violeth akahisi anaitafuna pamoja na mate yake. Alimvuta Agape nyuma ya sketi yake, akasimama na mwiko mkononi bila kujua aukate ugali au aombe. Baadaye kidogo Dastan alipepesa macho, akautazama mkono wake.

"Nimeingia saa ngapi?" akauliza.

Hospitali walipima malaria wakaikuta, kama wanavyoikuta kwa kila mtu. Alimeza dawa zote akazidi kukonda. Darasani alianza kukohoa, na wanafunzi hawakucheka, maana walikijua kikohozi kile.

Alfajiri moja Dastan alipotoka na koti, Violeth alimfuata. Alimwacha Agape kwa jirani, akajifunga khanga mbili, akashika rozari, akapita nyuma ya shule na kando ya majaruba, katika ukungu mzito uliomficha mumewe na kumwachia kikohozi tu cha kufuata, kikohozi cha mtu aliyemwona kwa macho yake akifukiwa, na kadiri alivyopanda ndivyo harufu ya tope ilivyogeuka kuwa harufu ya kitu kilichokaa chini ya maji muda mrefu bila kuoza, mpaka ukungu ukapasuka kidogo akamwona Dastan amepiga magoti upande wa chini wa tuta, kwenye yale majani mabichi, akichota udongo kwa mikono na kuushindilia kwenye tundu lililokuwa likitema maji, akishindilia na kuugulia na kushindilia tena, kama mama anayemlisha kwa nguvu mtoto anayekataa, hadi tundu likanyamaza. Akainuka, akapanda juu, akapiga fimbo.

"Upo salama?"

Jibu halikutoka juu ya tuta wala majini. Lilitoka chini, likapita katika nyayo za Violeth, likapanda miguuni na kumtetemesha meno, sauti ya kitu kikubwa kilicholala na kinachojibu bila kuamka.

"Nipo."

Rozari ilimtoka mkononi. Alipoinama kuiokota ndipo alipowaona wanawake wawili wa kijiji waliokuja kuteka maji. Walisimama na ndoo zao kando ya maji, karibu kiasi cha kuona kila kitu. Mmoja alikutana naye macho, akayainamisha upesi. Hawakushtuka. Waliendelea kuteka maji taratibu, na Violeth, jamani, hapo ndipo alipoogopa kwelikweli, maana alifahamu kwamba wanajua, na kwamba wanajua siku nyingi.

Siku hiyo nyumbani Dastan alimshika mkono akamvuta karibu, akanong'ona Agape asisikie.

"Mama Agape, siku ile ya msiba. Nilipouliza juu ya tuta."

"Ukajibu, tukacheka."

"Nilitaka kujibu. Nilikuwa bado sijafungua mdomo."

Nje mvua ilianza tena kwenye bati.

"Tuondoke," akasema Violeth. "Leo hii. Uhamisho utatufuata huko huko."

Walipanda lori la mahindi linaloelekea mjini. Lilipofika kilima cha mwisho, pale ambapo bwawa linapotea machoni, Dastan alianza kutapika maji. Hakutapika chakula wala nyongo. Yalikuwa maji ya udongo, mengi, yakimtoka puani na mdomoni hata asiweze kuvuta pumzi, na utingo akapiga bodi dereva asimame kwa sababu mtu anakufa maji juu ya lori, juu ya kilima, pakavu. Waliposhuka na kurudi hatua chache, akapumua.

Hapo Violeth akaenda kwa Bi Sharifa. Huyu alikuwa mke wa mwenye duka, Myao aliyeolewa hapa kutoka upande wa Mbesa, na watu wa imani zote walikwenda kwake kwa mlango wa nyuma. Alifika nyumbani kwa mwalimu mchana, akalitazama koti bila kuligusa. Alifukiza ubani kidogo. Moshi haukupanda juu. Ulitambaa sakafuni, ukatoka chini ya mlango, ukaelekea bwawani.

"Astaghfirullah," akasema Bi Sharifa kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini wa maji, mwanangu. Kumtoa simwezi, na hata ningeweza nisingemtoa."

"Kwa nini?"

"Mto ulikuwa njia yake. Watu wamekuja wakaifunga. Marehemu kwa adabu yake akawa anamuuliza hali kila siku, basi na yeye akakubali kukaa. Kuulizwa hali tu, hakutaka mbuzi wala damu. Siku asipoulizwa ataondoka. Na akiondoka hatapita kwenye mfereji wenu uliopasuka. Atapita kwenye tuta."

Violeth alitazama dirishani. Watoto walikuwa wanatoka darasani, wengine wakikimbizana kwenye madimbwi.

"Marehemu alilinda miaka yote hakuwa hivi. Mbona mume wangu anaisha?"

"Marehemu alikwenda kwa miguu yake. Mumeo anachukuliwa. Tena tuta lenyewe limechoka, kila siku linataka nguvu zaidi. Masika haya hatayamaliza." Bi Sharifa alikunja kitambaa cha ubani wake. "Kombe la kumnywesha nitakuandikia, usije ukasema nilikunyima. Lakini kaingia kwa utani, na kwa utani ndiyo atatoka. Nyie na utani wenu, mnachekea mpaka makaburi. Wafiwa wamkomboe. Au..."

"Au nini, Bi Sharifa?"

"Au mtani mwingine alivae koti kwa hiari yake, acheze kama alivyocheza mumeo. Hilo mimi sijalisema."

Mfiwa alikuwa Walburga, mjane wa Mzee Bartholomeo. Violeth alimkuta uani anapembua maharage, kuku wakimzunguka miguuni. Walburga alimpokea vizuri, akampa kigoda na kikombe cha togwa, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akaweka ungo chini.

"Kuku si umewaona? Wamejaa," akasema polepole. "Nisikufiche, mwana wangu. Siku ile nilikuwa nimeshamshika kuku, nimembana hapa kwapani. Nikasikia ile sauti ikijibu. Wenzangu wakacheka, mimi nikaijua. Batolo alishaniambia habari zake. Mvua iliponyesha nikamwachia kuku."

"Mama, atakufa."

"Najua."

"Mnajua wote."

"Wengi tunajua. Tunakwenda Misa tunamwombea." Walburga alifuta macho kwa ncha ya khanga, na yalikuwa machozi ya kweli, hilo ndilo lililomchoma Violeth zaidi. "Nikimkomboa leo, kesho hatuna bwawa. Na hatuna kijiji. Agape wako naye yuko huku chini, au umesahau?"

"Basi tafuteni mlinzi wenu, mtu wa hapa, aende kwa miguu yake kama mzee."

"Tulitafuta. Siku hizi nani anafanya kazi ya bure? Huyu ana genge, huyu ana mashine ya kusaga, huyu yuko mjini."

"Na Sixbert?"

Uso wa Walburga ulikunjamana. Sixbert alikuwa mwanawe, kijana mwenye kicheko kikubwa aliyeuza mitumba Songea mjini na kwenye minada, akija kwa mama yake kila Jumamosi.

"Sixbert ni mmoja tu niliyebaki naye," akasema. "Hajui lolote, wala usimwambie."

Violeth alimaliza togwa yake, maana kuacha togwa ya mtu ni dharau, akaaga.

Nitasema wazi kilichofuata, wala sitampamba. Violeth aliichagua siku. Alingoja Jumamosi. Kufikia hapo Dastan alikuwa akitoka alfajiri na jioni, na katikati ya nyakati hizo alilala usingizi mzito kama gogo, pumzi yake ikiwa ndogo hata kioo hakikupata ukungu. Violeth alimpeleka Agape kwa Bi Sharifa. Alirudi akamnyoosha mumewe mkekani, akamfunika shuka lile linalonuka, mpaka kichwani. Akafunga khanga kiunoni, akatoka uani mchana kweupe, akapiga yowe la msiba.

Kijiji kikaja. Wanawake waliingia wakilia, wanaume wakaketi nje kwenye mawe, na wengi wao walilia kwa uchungu wa mtu anayejua alichofanya. Wazee walikuwa wakitazama bwawa zaidi ya walivyotazama nyumba. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima tangu asubuhi, meusi, yameshuka chini. Walburga alikuwa shambani kwake ng'ambo ya kilima, yowe lilikuwa halijamfikia.

Sixbert alifika na baiskeli yake na furushi la nguo nyuma. Aliposikia kwamba Mnyalukolo amekufa alisimama akalia wazi, maana walipendana. Kisha akajifuta uso. Mhehe amekufa ugenini, na Mngoni ni mtani wake. Asipomchezea yeye atachezewa na nani?

"Nani alimruhusu huyu mla mbwa kufa bila kuaga?" akapaza sauti akiingia ndani, na waombolezaji, wakiwa bado wanalia, wakaanza kucheka. "Deni la matusi yangu atalilipa nani?"

Mzee mmoja aliinuka kama anayetaka kusema neno. Akamtazama Violeth, akatazama mawingu, akakaa tena.

Sixbert aliliona koti nyuma ya mlango. Violeth alikuwa ameketi karibu kabisa na mlango huo, kichwa kimefunikwa. Angeweza kunyoosha mkono amzuie. Alisikia msumari ukikwaruza koti lilipotolewa, akasikia mkono mmoja ukiingia, halafu wa pili, na hewa ya baridi ikampita usoni.

"Aa, la baba hili! Limelowa! Mtumba wa daraja la kwanza huu, nitaupeleka mnadani!" Alichukua na fimbo. Akakohoa, kwanza kwa mzaha. "Mnyalukolo ameacha kazi, na mimi ndiye nimekaimu! Nitalilinda bwawa hili mpaka mnikomboe!"

Akaenda nalo tutani, akiyumba kwa madaha, watoto, wanaume na karibu wanawake wote wakimfuata mbali kidogo, kicheko chao kikipungua kila hatua, na Violeth peke yake akabaki ndani na mwili chini ya shuka, akihesabu rozari bila kusali, akisikiliza kikohozi kikipanda kilima, kwanza cha kijana, halafu cha kijana kilichochanganyika na kingine, halafu kikavu tupu chenye mluzi, hadi akasikia fimbo ikipiga na swali likiulizwa, na vikombe kabatini vikagongana vyenyewe kwa jibu lililopita chini ya sakafu.

Dastan akavuta pumzi chini ya shuka, ndefu, yenye sauti.

"Mama Agape," akasema, "nina njaa."

Wanawake wawili waliokuwa mlangoni walitoka mbio wakiacha kandambili zao. Violeth alimfunua uso. Macho yalikuwa yake, yanamwona yeye. Alimshika mashavu akalia, safari hii bila kuigiza, na alipochungulia nje alimwona Walburga akija na jembe begani kutoka ng'ambo, akitembea haraka kuwahi msiba, kisha akisimama njiani na kuinua macho kwenye tuta. Jembe lilianguka. Alikaa chini pale pale kwenye tope, na watu wakampita bila kumsemesha.

Kijiji kilisema mwalimu amezinduka, jambo ambalo hutokea, na Jumatatu yake asubuhi lori la mahindi lilisimama mbele ya nyumba ya mwalimu. Dastan alipandishwa akakaa juu ya magunia amefunikwa blanketi, Agape akamkalia mapajani akimwita Baba. Godoro likafungwa kamba. Juu kule, kwenye mvua nyembamba, mtu mwenye koti jeusi alikuwa amepiga magoti upande wa chini wa tuta akishindilia udongo kwa mikono.

Walburga alikuja akikimbia kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Kwapani alikuwa amembana kuku jike mwekundu.

"Violeth, mwana wangu." Alikuwa hana pumzi. "Mfiwa ni wewe. Msiba ulikuwa kwako, koti lilitoka kwako. Mimi siwezi kumkomboa, ni wewe tu. Kuku nimeleta mwenyewe, wewe shika tu umkabidhi. Ni hatua chache. Neno moja."

Dastan, ambaye hakuambiwa chochote, aliuliza kutoka juu ya magunia kuna nini.

Violeth alikuwa na mguu mmoja kwenye tairi na mkono kwenye bodi. Kengele ya shule ilikuwa imelia, na watoto walikuwa wanapanga mistari uwanjani, wadogo mbele, miguu yao peku kwenye maji ya mvua. Nyuma yao mpunga, nyuma ya mpunga tuta, na nyuma ya tuta maji yaliyofika karibu na ukingo. Angeweza kusema amekataa kwa ajili ya watoto wale. Angeweza kusema amekataa kwa hasira ya kila alfajiri aliyomwona mumewe akila tope na watu wakiteka maji kando. Mimi sijui ilikuwa ipi, na yeye nadhani hakujua. Alimtazama mama yule kwa huruma kubwa, maana alimwelewa kuliko mtu yeyote duniani, akainamisha kichwa kidogo kama anavyotakiwa mtoto mwenye adabu mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Na Walburga, aliyekuwa ameitikia neno hilo maisha yake yote, aliitikia kabla hajajua anaitikia nini.

"Marahaba."

Violeth akapanda, akapiga bodi, na lori likaondoka.